Mkwe Aliyekaa Chini ya Dirisha

Nyumbani kwetu kuna watu wawili wanaokaa lupango moja, yaani kiwanja kimoja, wanachota maji kwenye bomba moja, wanasali kanisa moja, na tangu nipate akili sijawaona wakitazamana usoni. Mmoja ni tata, baba yangu. Mwingine ni kaku, bibi yangu mzaa mama. Mtu akisikia hivi anafikiri kuna ugomvi wa zamani. Hakuna. Wanapendana, ila mapendo yao yanapita pembeni.

Sisi asili yetu ni Kasai. Babu aliletwa huku Kolwezi kwa kazi ya mgodi, akazaa huku, akazikwa huku. Na kwetu mwanaume hamkaribii mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hampi mkono, haketi naye, haingii anapolala. Wakikutana njiani, mwanaume ndiye anayeacha njia, hata kama ni kuingia kwenye mihogo ya watu. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote anayoweza kumpa mwanamke aliyemzalia mke. Kwa kawaida hawakai hata kiwanja kimoja. Lakini mama yangu alifariki nikiwa bado ninajifunza kusoma, kaku akaja kunilea, na tata akamjengea chumba ubavuni mwa nyumba, cha matofali ya udongo, mlango wake ukitazama uani. Wakaanza maisha ya kukwepana kwa adabu.

Tata akirudi kutoka mgodini anakohoa angali barabarani. Kaku akisikia anavuta kitambaa cha kichwa na kugeuza kiti kuelekea ukutani. Tata anapita. Maneno ninayabeba mimi.

"Ambia mukwe yangu, sombe ya leo iko na chumvi mingi, asinikasirikie," kaku ananiambia.

Na tata yuko pale pale nyuma ya kona na sahani yake ya sombe, kisamvu chetu, anasikia kila kitu. Lakini hajibu mpaka nifike nimwambie.

"Ambia mama, sombe ni muzuri."

Ninarudi. "Kaku, anasema ni muzuri."

"Anasemaka vile hata ikiungua," kaku anasema kwa sauti ya kutosha kufika konani, na kule konani tata anacheka kwa pua.

Nimekua hivyo, nikisema maneno ya wengine. Labda ndiyo sababu ya kwangu mwenyewe hayatoki. Darasani jibu ninalijua, lakini mwalimu akinitazama ninainama kufunga kamba ya kiatu mpaka amuulize mwingine.

Halafu kuna jambo hili: tata ni creuseur, mchimbaji wa mkono, wa kobalti na shaba. Na hapa Kolwezi kila mtu anajua creuseur ni mtu wa namna gani, hata yule ambaye hajawahi kuongea na mmoja wao. Analewa. Ana mwanamke kwenye kila shimo. Pesa ya leo haifiki kesho. Hana kwao, hana wazee, hana adabu. Wenzangu darasani wanasema hayo mbele yangu, na mimi ninachora maua pembeni mwa daftari nikingoja wamalize. Tata anakunywa chai. Chai nyingi, na sukari ya kutisha.

Msimu wa mvua uliopita kaku alianguka. Choo chetu kiko kwenye pembe, nyuma ya nyumba, na kutoka chumbani kwake ilibidi azunguke nyumba nzima na kupita mahali ambapo tata anakaa kupumzika. Kwa hiyo alizoea kwenda wakati tata hayupo. Siku ile mvua ilipiga mapema, mashimo yakajaa maji, tata akarudi mchana. Kaku alikuwa katikati ya ua aliposikia kikohozi barabarani. Akakimbia, ili wasikutane. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia kishindo, halafu nikasikia kaku akimwita mama yangu, aliyekufa. Tata alitokea konani, akaona, akageuka hapo hapo kutazama ukuta, na akapiga kelele kama nyumba inaungua:

"Bamama! Bamama, mukuye! Mama ameanguka!"

Aliita wanawake waje kwa sababu yeye mwenyewe hangeweza kumgusa. Jirani yetu, mama mwenye sauti kubwa na miguu ya haraka, aliruka hata maua yake mwenyewe, akaja na binti zake. Tata akakimbia kutafuta mkokoteni wa kubebea magunia. Wanawake wakamlaza kaku juu yake na kumfunika blanketi kutoka kichwani hadi miguuni, kwa ajili ya mvua na kwa ajili ya heshima. Tata akashika vyuma vya mbele akavuta. Alivuta mpaka hospitali bila kugeuza shingo, hata pale kaku alipolia kwenye mashimo ya barabara. Mimi nilikimbia pembeni nikishikilia blanketi lisipeperuke.

Karibu na soko polisi akatusimamisha. Aliona nini? Creuseur mwenye matope, mkokoteni, na kitu kimefunikwa kama madini ya wizi.

"Unabeba nini mule? Minerai ya batu?"

"Ni mama," tata akasema, akitazama mbele.

"Mama gani anafunikwa kama mufuko? Funua nione."

"Siwezi kufunua."

"Haya! Hawezi kufunua! Basi ni minerai."

Hapo blanketi likaongea. "We mutoto ya polisi! Kama mi ni minerai, kuya unipime kilo! Mi niko nakufa hapa, we uko natafuta mawe!"

Polisi aliruka nyuma. Kisha, bila neno lingine, akaingia katikati ya barabara na kutusimamishia magari yote, hata malori makubwa ya mgodi. Hiyo nimeicheka sana baadaye. Siku ile nilikuwa ninalia.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Wakamlaza kwenye wodi ya wanawake, mguu umefungwa, uzito unaning'inia mwisho wa kitanda, wakasema itakuwa majuma mengi. Nikahamia pale. Nililala chini kwenye mkeka kama wengine wote waliokuwa wakilinda wagonjwa wao; asubuhi ninaenda shule, mchana ninarudi kitandani kwa kaku.

Kitanda cha pembeni alilala mama mzee wa Kapanga, kule kwenye Musumba, mji wa mfalme wao, mwenye ugonjwa wa sukari na mwenye utani. Siku ya kwanza tu walianza.

"Nyi Bakasai munaongeaka! Hata kitanda imechoka kusikia."

"Na nyi ba kule Musumba, kila mutu ni mutoto ya mufalme. Ule mufalme hajakuletea hata soksi?"

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza nani anaumwa. Tangu hapo wakawa wanagawana kila kitu, hadi chanuo.

Tata alikuja kila siku akitoka kazini. Hakuingia. Wodi imejaa wanawake waliolala, na mama mkwe wake yuko kitandani mguu juu. Angeingia namna gani? Alikaa nje, kwenye ukingo wa saruji chini ya dirisha letu, mgongo ukutani, mabuti yamejaa udongo, akitazama nguo za wagonjwa zilizoanikwa. Chakula alikipika mwenyewe, bukari, yaani ugali, na mboga. Alikipitisha dirishani bila kugeuka, mkono juu ya bega, na mimi nilikipokea.

"Ambia mama, bukari imekuwa nguvu kidogo, moto ilikatala."

"Ambia mukwe yangu, meno iko bado."

Kwetu sisi hayo yalikuwa mapendo makubwa. Lakini mtu aliyepita kwenye korido aliona kitu kingine: mwanaume mchafu anayekaa nje, hajaingia hata mara moja kumwona mgonjwa, na msichana wa shule anayebeba mzigo wote.

Aliyepita alikuwa asistanti wa hospitali, mtu wa ustawi wa jamii, yule anayeshughulikia wagonjwa wasio na watu. Alikuwa mwanamke bado kijana, na koti safi, na miwani, na sauti ya polepole. Nilimwogopa kabla hajafungua mdomo, kwa sababu mtaani kwetu tunasema watu wa kazi ile wanakuja, wanapiga watoto wa mgodini picha, wanaondoka na hawarudi. Huyu hakupiga picha mtu yeyote. Alivuta kiti, akamsalimia kaku kwa mikono miwili, akamuuliza kama mguu ulimwacha alale.

"Kaku, ku nyumba unakaaka na nani?"

"Na huyu mutoto. Na mukwe yangu."

"Na mukwe, anakuchunga muzuri?"

Kaku alijiinua kwenye mto. Alikuwa amepewa nafasi ya kumsifu mkwe wake mbele ya mtu mkubwa, na hakutaka kuipoteza.

"Mukwe yangu? Tangu alioa mutoto yangu, hajakula mbele yangu hata siku moja. Hajakaa na mi hata siku moja! Ona, niko hapa na mguu juu. Umesikia ameingia? Hajaingia! Mukwe sawa ule, utatafuta Kolwezi muzima."

"Ni kweli," mama wa Kapanga akaongeza, akitikisa kichwa kwa heshima. "Mi niko shahidi. Hajaingia."

Asistanti alimshika kaku mkono akaupapasa polepole, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nilijua kwamba kuna kitu kimekwenda upande usio wake. Nikafungua mdomo. Nikaishia kunyoosha shuka la kaku.

Baada ya siku chache aliniita kwenye kijumba chake cha kazi. Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida yetu, ingawa nyaya za bwawa la umeme la Nzilo zinapita juu ya vichwa vyetu; tukaongea mlango ukiwa wazi.

"Mutoto yangu, usiogope," alisema. "Mi nimeona bakaku wengi. Bibi anazeeka, mutoto yake mwanamuke anakufa, mukwe anabaki na muzee haiko ya damu yake. Kisha banaanza kusema ni muchawi. Kisha anapatikana ku barabara."

Hakuwa anasema uongo. Hata mimi nimewaona hao bibi.

"Nilifika kwenu jana," akaendelea. "Lupango ilikuwa imefungwa, lakini jirani aliniambia kitu. Aliniambia, masikini kaku, baba yako iko navunja chumba yake. Ulijua?"

Sikujua. Nilikuwa ninalala hospitali. Nyumbani nilikuwa sijafika kwa muda mrefu.

Kulikuwa na nyumba ya wazee ya masista, akasema, safi, yenye bustani. Daktari angemruhusu kaku Jumatatu, na gari la masista lingempeleka kule. Mimi ningeruhusiwa kumtembelea.

Nilitoka pale nikaenda kufua nguo za kaku. Ninaandika ukweli: kwa kipande cha mchana ule niliamini. Nimesikia tangu utotoni kwamba creuseur hana mizizi, na neno likisemwa sana linakaa ndani yako hata kama baba yako mwenyewe anakupikia. Nilifikiri, labda amechoka. Labda kukohoa barabarani kila siku kumemchosha.

Jioni tata alipofika chini ya dirisha, asistanti alikuwa ameshafika kabla yake. Nilikuwa dirishani, kaku nyuma yangu kitandani, macho wazi.

"Tata, jambo. Ni kweli uko navunja chumba ya kaku?"

Tata alisimama, akavua kofia. "Ndiyo, mama."

"Juu ya nini?" Alitaka kujua sababu.

Alitazama mabuti yake. Akatazama dirisha, si ndani, ukingo wake tu. Akaanza kuizungusha kofia mikononi.

"Ni kazi ya nyumba," akasema.

"Kazi gani?"

"Kazi tu, mama."

"Tata, muzee iko mugonjwa, na we unavunja fasi yake ya kulala, na huwezi kusema juu ya nini?"

Tata alinipa sufuria mkono juu ya bega, akaweka kofia, akaondoka haraka kama mtu aliyeshikwa na kosa.

Asistanti aliingia ndani akamweleza kaku habari za nyumba ya masista, kwa upole wote alionao. Kaku alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Amevunja chumba yangu?"

"Amekubali mwenyewe, kaku."

Kaku aligeuza uso ukutani. Sufuria ilipoa juu ya meza ndogo. Mama wa Kapanga, ambaye alikuwa na utani wa kila kitu, alikunja tu shuka lake upya, na kulikunja tena.

Kesho yake tata alikuja, akakaa, akasubiri. Nilimwambia kaku, tata yuko hapa. Hakuwa na neno la kumpa. Siku iliyofuata pia. Tata alikaa pale chini mikono kati ya magoti. Mara kwa mara aliinua sikio kidogo, kama mtu anayesikiliza kama maji yamefika bombani. Nilikuwa ninasimama kati yao nikiwa sina cha kubeba, na sijawahi kujisikia mtupu namna ile.

Siku ile ya pili niliinama dirishani nikamuuliza kwa sauti ndogo kabisa, karibu na sikio lake: "Tata, unafanya nini ku chumba ya kaku?"

Alitazama kama kuna mtu karibu. Kisha akanionyesha kwa kidole: juu, kwamba kaku anasikia. Akanong'ona: "Haiko neno ya kusema hapa. Ni njia ya... ya kule nyuma. We ni mukubwa, elewa."

Nikaelewa. Nikataka kucheka na kulia pamoja. Alikuwa anazungumzia choo. Choo cha mama mkwe wake! Hakuna mwanaume wa kwetu anayeweza kutaja kitu hicho, hata mbele ya mkewe, sembuse mbele ya mwanamke mgeni mwenye miwani, chini ya dirisha, na mama mkwe mwenyewe ametega sikio. Afadhali aitwe muuaji.

Lakini gari la masista lilikuwa linakuja Jumatatu, na ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi nilisimama kwenye mlango wa asistanti. Nilisimama muda mrefu, watu wakanipita wakiingia na kutoka. Aliponiona aliniuliza ninataka nini. Nilikuwa nimepanga sentensi nzuri, ya Kifaransa. Ikapotea yote. Nikasema:

"Mama, kuya ku nyumba."

"Leo?"

"Leo. Kuya uone. Usipeleke kaku mbele ya kuona."

Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia sauti yangu. Alichukua mkoba wake. Tukapanda pikipiki ya wewa, ya kukodi, watatu juu ya kiti kimoja, miwani yake mkononi kwa ajili ya vumbi.

Tulisikia nyundo kabla ya kufika. Tata alikuwa nyuma ya nyumba, na kweli, ukuta wa chumba cha kaku ulikuwa na tundu kubwa. Tundu lilikuwa na fremu ya mbao. Lilikuwa mlango. Kutoka mlango ule alikuwa amemwaga saruji mpaka chooni, moja kwa moja, bila ngazi, imeinama kidogo kidogo. Na juu ya saruji, ingali mbichi, alikuwa amechora mistari kwa msumari ili miguu isiteleze. Pembeni alisimamisha bomba la chuma la kushikilia, lililosuguliwa kwa mchanga mpaka likawa laini. Chooni aliweka kiti cha mbao kilichokatwa tundu katikati, miguu yake imezikwa kwenye saruji. Kitanda cha kaku kilikuwa bado chumbani, kimefunikwa plastiki nzima ili vumbi lisikiguse.

Tata alituona. Akasema bonjour, akatazama chini, akachukua ndoo, akaenda bombani ambako hapakuwa na haja ya kwenda.

"Anakimbia?" asistanti akaniuliza.

"Anaona haya."

Halafu nikasema. Sijui maneno yalitoka wapi. "Mama, kaku alianguka juu alikimbia wasikutane na tata. Ilikuwa lazima apite mbele yake. Sasa hatapita tena. Iko na njia yake."

"Na juu ya nini hakuniambia? Nilimuuliza! Nilimuuliza vizuri!"

"Atakuambia namna gani? Ni choo ya mama mukwe yake. Na kaku alikuwa anasikia."

Alinitazama. Kisha akaweka mkono mdomoni. Akaketi pale pale juu ya saruji, na koti lake safi, na mabega yakaanza kumtingishika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Baba yangu," alisema alipopata pumzi, "ni mutu ya Dilolo. Ni mwalimu mukubwa, anavaaka kravati hata siku ya kupumzika. Kaku yangu akifika kwetu, mama yake na mama, baba anatokaka mu dirisha. Mu dirisha! Na kravati yake!" Akafuta macho. "Bukwe, hii heshima ya mukwe, nimeijua tangu utoto. Nimekula nayo. Na nikaona huyu baba chini ya dirisha, na mabuti yake, na sikufikiri hata kidogo. Nilisema tu, creuseur."

Kutoka upande wa pili wa ua sauti kubwa ikaingia. Jirani alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake, mwiko mkononi.

"Mi nilisema anavunja! Sikusema anafukuza!"

"Mama, uliniambia masikini kaku."

"Masikini juu ya vumbi! Muzee na vumbi, haiko masikini?"

Asistanti alisimama, akajipangusa, akawa tena mtu wa kazi. Aliuliza kitu cha haki: mchana, mimi nikiwa shule na tata akiwa mgodini, nani atamsaidia kaku kushuka kitandani? Kabla sijafikiri, jirani akajibu.

"Na mi ni nini, jiwe? Niko hapa kutwa. Munazani naonaka mambo yote haya juu ya nini?"

Tuliporudi hospitali, asistanti hakunituma mimi. Aliketi mwenyewe karibu na kaku na kumwambia yote, bomba la kushikilia, mistari ya msumari, hata kiti kilichokatwa, kwa sababu yeye ni mwanamke na aliweza kukitaja. Alimwomba kaku samahani, na gari la masista likafutwa. Kaku alivuta kitambaa juu ya uso wake wote. Mama wa Kapanga akasema, "Hata mufalme hana choo sawa ile," na chini ya kitambaa kitu kikacheka au kikalia, sikujua.

Tata alifika saa yake. Akakaa. Akapitisha sufuria.

"Ambia mukwe yangu," kaku akasema, sauti imekauka, "hizi siku nilikuwa na usingizi."

Niliinama dirishani. "Tata, anasema alikuwa na usingizi."

Tata alikuwa anafuta kitu machoni kwa nyuma ya mkono, na mkono ulikuwa na saruji.

"Ambia mama, hata mi niliona ni usingizi."

Kaku alirudi nyumbani na magongo mawili, kwa teksi, asistanti upande mmoja na jirani upande mwingine. Tata alikuwa ameondoka lupango tangu asubuhi ili tupate nafasi. Kaku aliukagua mlango mpya kama mtu anayenunua. Alishika bomba, akalitikisa. Alikanyaga saruji, karibu ainuse. Akaketi mlangoni kwenye kiti chake, akatazama mbele, na uso ukabadilika.

"Lakini huu mulango unaangalia jiko ya ule mama! Kila nikienda ataona. Atahesabu!"

Jirani, aliyekuwa bado amemshika kwapa, alisema kwamba yeye ana kazi nyingine maishani. Kaku akasema hajaona bado hiyo kazi.

Jioni nilipeleka neno, na kesho yake tata akaleta matete, akaanza kufunga ua mrefu kati yetu na jirani. Alifanya kazi siku mbili, akiondoka kila kaku alipotoka. Ua ukapanda, mzuri, mnene, hakuna jicho linalopita. Kaku akakaa nyuma yake mchana mzima peke yake, mimi niko shule. Niliporudi alikuwa amenuna.

"Ambia mukwe yangu, amefanya muzuri sana. Lakini atoboe kidogo hapa," akaonyesha kwa gongo, sawasawa na kimo cha mtu aliyeketi. "Mi nitagombana na nani?"

Tata alichukua kisu. Alikata dirisha dogo kwenye matete, akalipindia kingo vizuri ili lisimchome mtu. Hajamaliza, upande wa pili sauti kubwa ilikuwa tayari imefika, ikiuliza kama kaku amekula, na amekula nini, na nani alipika.